Kioko na Haji Walipouza Kiwanda

Siku wageni wa Nairobi walipokuja kukiangalia kiwanda chetu, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha kule Mavoko, ua wote umejaa madimbwi ya maji meupe ya chokaa, na wale wageni waliyaruka kwa viatu vyao vilivyong'arishwa kama watu wanaovuka mto wasioujua kina. Mimi nilikuwa msichana bado, nimevaa gambuti na aproni ya mpira, nachagua ngozi mezani: nzuri huku, zenye alama za kupe kule. Baba yangu, yaani babu yako Kioko, alinipita akaniambia ninawe mikono nije niwamiminie wageni chai. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, na haikuwa Jumapili. Hapo nikajua kuna jambo.

Jana ulikuja hapa Kathiani, Mwende, ukaniambia kampuni kubwa inataka kuinunua kampuni yako ya kukausha matunda, iiunganishe na zake, kisha baadaye waipeleke kwenye soko la hisa ili kila anayetaka anunue kipande chake. Uso wako ulikuwa unang'aa. Uliponiona nimenyamaza ulifikiri shangazi yako amezeeka, mambo ya hisa hayaelewi. Nayaelewa, mwanangu. Niliyaelewa nikiwa mdogo kuliko wewe, na kwa njia ambayo siwezi kumtakia mtu yeyote. Ulitaka nikujibu ndiyo au hapana kabla chai haijapoa. Sikuweza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi jana nilishtuka. Leo nimetulia, basi nisikilize.

Lazima nianze na wale wawili. Babu yako ulimjua kwa picha tu, ile ya ukutani kwa baba yako, amevaa tai na anatabasamu kidogo. Mtu wa kwenye ile picha simjui sana. Kioko niliyemjua mimi alianza kazi kwenye kichinjio, anachuna ng'ombe, na alikuwa na mkono mwepesi hata kisu chake hakikutoboa ngozi. Alizipaka chumvi, akazianika, akawauzia watu waliozipeleka mbali nazo zikarudi zikiwa viatu. Haji alikuwa mfanyabiashara wa mifugo mjini Machakos, Msomali ambaye wazee wake walifika na ng'ombe wao zamani wakabaki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini mji mzima ulimwita Haji, naye akaitika. Haji alileta ng'ombe, baba akachuna. Siku moja wakiwa hotelini wanakunywa chai wakaulizana kwa nini ngozi za ng'ombe wetu zikatengenezwe na watu wengine. Jibu hawakulipata, basi wakaanza kuzitengeneza wao.

Walianza na kibanda cha mabati karibu na mto, na mashimo ya chokaa waliyoyachimba kwa mikono yao. Ngozi mbichi ina harufu isiyotoka kwa sabuni. Kanisani hapa, tulipoingia, watu walikuwa wakisogea kwenye benchi, na mama yangu akijifanya haoni. Baba alikuwa akicheka tu. Alisema harufu ile ndiyo iliyokuwa inatulipia shule.

Kati ya wale wawili hapakuwa na karatasi. Ijumaa Haji alipokwenda msikitini, baba alibaki akiyasimamia mapipa ya kutengenezea ngozi. Jumapili baba alipokuja kanisani, Haji aliketi langoni na chupa yake ya chai mpaka jioni. Krismasi mbuzi wetu alitoka kwa Haji, na Idi ilipofika mama alipeleka mjini maharagwe mapya na machungwa ya shambani. Wakamba wengine walimuuliza baba kama hamwogopi mtu wa dini nyingine kuhusu mali. Baba alisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwamba hajaona dhiki ikimuuliza mtu dini yake.

Kiwanda kilipopata nguvu wakaanza kuandika watu, wengi wakiwa vijana wa huku kwetu na wa Kangundo. Kila mmoja aliyeandikwa alisimamishwa pale uani, na baba alimwambia maneno yale yale: "Ukiichukua hii kazi kama yako, hakuna mtu atakutoa hapa ukiwa bado uko na nguvu." Haji alisimama kando akiitikia kwa kichwa. Wa kwanza kuambiwa hivyo alikuwa Munyao, ambaye baadaye alikuja kuwa nyapara wa mapipa. Munyao alioa kwa neno lile. Alijenga kwa neno lile. Watoto wake alisema wasome kwa neno lile, na wakasoma. Ukiona vyaelea, mwanangu, vimeundwa, na kile kiwanda hakikuundwa kwa mabati na mashine peke yake.

Basi miaka ikaenda. Kibanda kikawa jengo, mashimo yakawa mapipa makubwa ya mbao yanayozungushwa na umeme, na langoni pakaandikwa Kioko na Haji kwa rangi ya kijani. Lakini kifua cha baba kilianza kumsumbua. Dawa za ngozi si maziwa. Serikali nayo ilikuwa inataka kila kiwanda kisafishe maji yake kabla hayajafika mtoni, jambo ambalo ni haki, ila mitambo yake ni ghali kwa mtu mdogo. Kaka yangu, baba yako, alikuwa amechagua ualimu. Mimi nilikuwa binti. Hakuna aliyeniuliza kama ningekiendesha, na miaka ile mimi mwenyewe sikujua kwamba naweza kuulizwa. Baba alikuwa akikohoa jioni, anaangalia mapipa, na nafikiri alikiona kiwanda kikifa siku moja na yeye.

Ndipo wakaja wale wageni. Walitoka kampuni kubwa ya viatu ya Nairobi. Walitaka kununua sehemu kubwa ya kiwanda, wakiunganishe na viwanda vyao vingine, kisha kampuni yote ikauzwe kwa umma kwenye soko la hisa. Baba na Haji wangebaki na hisa kidogo kila mmoja. Mitambo ya maji ingekuja, mashine mpya zingekuja. Waliongea vizuri, mwanangu, na wala hawakuwa walaghai. Nataka ulijue hilo mapema, kwa sababu hadithi hii ingekuwa rahisi zaidi kama wangekuwa walaghai.

Kiongozi wao alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alipomaliza kueleza, baba alikuwa anatabasamu, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni na birika mkononi. Haji alikuwa hajagusa chai. Akauliza swali moja tu. Aliuliza kama kazi ya kutengeneza ngozi itabaki pale Mavoko, na kama wale watu walio uani watabaki nayo.

Yule mtu wa miwani akasema watabaki, kwa nini wasibaki. Akasema yeye mwenyewe anaahidi.

"Basi iandikeni," Haji akasema.

Yule mgeni akaeleza kwa upole kwamba kampuni ikienda sokoni haiwezi kufungwa mikono na karatasi za namna hiyo, wanunuzi wa hisa hawazipendi, na mambo kama hayo huenda kwa kuaminiana. Haji akarudia kwamba kama ni ahadi, iandikwe. Niliona shingo ya baba ikigeuka nyekundu chini ya weusi wake, kama ilivyokuwa kila akiona haya. Aliona mwenzake amemwaibisha mbele ya watu wakubwa waliokunywa chai yake. Akasema, bila kupaza sauti:

"Haji, usituletee aibu. Hapa si soko la mbuzi."

Mwanangu, nimesikia matusi mengi maishani mwangu. Sijasikia neno lililoingia ndani kama lile, kwa sababu lilisemwa na mtu ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kumtofautisha Haji na yeye mwenyewe. Haji aliangalia meza. Kisha akachukua kofia yake, akaivaa polepole, akasimama.

"Kioko," akasema, "mimi na wewe tulianza na neno tu kwa sababu nilikuwa nakujua. Hawa siwajui."

Akawaaga wageni kwa heshima, mmoja mmoja, akaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Baba aliendelea kuongea na wageni, lakini nilipompa kikombe chake alikiweka kando ya kile cha Haji.

Ungefikiri Haji angekataa kuuza. Angeweza, maana bila sahihi yake hakuna lolote lingefanyika. Lakini siku ya mawakili alikuja, akaweka sahihi yake kila mahali alipoonyeshwa, na hakuongea na baba ila salamu. Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini, kama haamini. Alinijibu akiangalia barabara. Alisema kifua cha Kioko kinaumwa, na akikataa, Kioko atakufa akisema Haji ndiye aliyemfunga pale. "Wacha auze," akasema. Hisa zake aliziuza zote mara moja, akarudi kwa mifugo yake mjini. Ijumaa ile ya kwanza baba alijikuta anaenda kusimamia mapipa kama kawaida, kisha akakumbuka kwamba kiwandani hapakuwa tena na mtu wa kwenda msikitini. Alirudi ofisini akafunga mlango.

Siku kampuni ilipoingia kwenye soko la hisa, baba alialikwa Nairobi, nami nikamsindikiza. Ile picha iliyo ukutani kwenu ilipigwa siku ile. Kulikuwa na kengele, na wakubwa wa kampuni waliipiga pamoja wakishikana mikono, watu wakashangilia. Juu kwenye kioo kikubwa jina la kampuni likapita likikimbia, herufi chache tu, na katika hizo herufi hapakuwa na Kioko wala Haji. Baba alinyanyua shingo kulitafuta. Akaniuliza kwa Kikamba ni lipi letu. Nilipomwonyesha lilikuwa limeshapita, ikabidi tungoje lizunguke tena. Alipewa nafasi ya kusimama mwishoni mwa mstari, wakampiga picha, wakampa chakula kizuri ambacho hakukila.

Tulipokuwa tunarudi alimwambia dereva apitie mjini Machakos, nyumbani kwa Haji. Tulifika mpaka langoni. Taa ya ndani ilikuwa inawaka, na tulisikia sauti za wajukuu wa Haji wakicheza. Baba alishika kitasa cha mlango wa gari akakaa hivyo. Kisha akasema amechoka, tutakuja siku nyingine. Binti hamsukumi baba yake. Mara nyingi nimeliwaza lango lile, nikajiambia kwamba ule ulikuwa umbali wa kumtoshea mtoto kutambaa.

Hiyo siku nyingine haikuja. Mambo mengine ndiyo yaliyokuja. Kampuni ilipokuja kuwa ya watu wote, wakubwa wake walianza kuulizwa faida kila mara na watu wasiowajua, nao wakaanza kutafuta pa kupunguza. Mtu fulani akaona kwamba kununua ngozi iliyokwisha tengenezwa kutoka nchi za nje ni nafuu kuliko kuitengeneza Mavoko. Uamuzi ukatolewa huko Nairobi, na nina hakika ulitolewa na watu wastaarabu katika chumba safi. Wafanyakazi wakaitwa uani, pale pale walipokuwa wakisimamishwa siku ya kuandikwa, wakaambiwa mapipa yatazimwa na jengo litakuwa ghala. Walilipwa haki yao ya kisheria. Nami nilikuwa miongoni mwao, nikaikunja aproni yangu nikaiweka juu ya meza.

Juma lile Munyao alikuja hapa nyumbani na wenzake wachache. Nilitegemea hasira, na kama ingekuwa hasira pengine baba angeweza kuibeba. Walikuja wamevaa vizuri kama watu wanaokuja kuposa. Mama akawapa uji. Walizungumza habari za mvua, wakauliza hali ya kifua. Mwishowe Munyao akasema wao hawakuja kugombana.

"Ila mzee, wewe ulituambia," akasema.

Basi. Hakuongeza. Wakakaa kidogo kwa adabu, wakashukuru kwa uji, wakaondoka.

Asubuhi yake baba alikwenda Nairobi kumtafuta yule mtu wa miwani. Akaambiwa huyo alishaondoka, kampuni zilipoungana nafasi yake ilipewa mtu mwingine. Yule mwingine alimpokea vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akaangalia mkataba. Akamwambia kwamba anasikitika kweli, lakini haoni mahali ahadi hiyo ilipo, na hata aliyeitoa hayupo. Alikuwa anasema ukweli, mwanangu. Fikiria hilo. Baba alipewa ahadi na mtu, lakini alikiuza kiwanda kwa kampuni, na kampuni haina kifua cha kukumbukia. Mtu akiondoka anaondoka na maneno yake.

Baba hakukata tamaa. Alingoja mkutano mkuu wa wenye hisa, maana bado alikuwa na hisa zake kidogo na haki ya kusema. Tulikwenda pamoja. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye miavuli na mifuko ya zawadi za kampuni. Zamu yake ilipofika alisimama, akashika kipaza sauti, akasema yeye anaitwa Kioko wa Kathiani, na anauliza ni lini mapipa ya Mavoko yatawashwa tena, kwa sababu kuna watu aliowaambia neno. Mwenyekiti akatabasamu. Akawaambia watu kwamba huyu ndiye mmoja wa waanzilishi, kwamba bila wazee kama huyu kampuni isingekuwapo, na akaomba apigiwe makofi.

Walimpigia makofi. Ukumbi mzima, tena kwa moyo, na wengine walisimama. Makofi yalipokwisha, mwenyekiti alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi ya kuuliza. Baba alibaki amesimama kidogo, kipaza sauti kimechukuliwa mkononi mwake, anaangalia huku na huku kama mtu aliyepotezwa na wenzake sokoni. Nikamshika mkono akaketi. Walimpigia makofi badala ya kumjibu, na yeye, mtu wa kichinjio, hakujua jinsi ya kugombana na makofi.

Tangu siku ile alipungua. Hakuwa mgonjwa wa kulala, ila alianza kuacha vitu: aliacha kwenda shambani, akaacha kusikiliza redio, halafu kanisa. Akiona mtu wa Kangundo au wa hapa aliyekuwa mfanyakazi wake anapita barabarani, aliingia ndani. Mama alijaribu kila chakula anachokijua. Siku moja mchana akaniita, akaniambia niende mjini nimlete Haji. Alisema ana neno moja tu la kumwambia. Nilimuuliza nimpelekee mimi hilo neno, akatikisa kichwa. Neno lile, alisema, ni lazima alitoe kwa kinywa kile kile.

Nilimkuta Haji kwenye soko la mifugo, fimbo mkononi, amezeeka. Nilipomwambia baba anamwita, hakuuliza ni kwa nini. Alimkabidhi mtu mwingine wanyama wake palepale. Ndani ya gari, tulipoanza kupanda milima ya huku, akasema, kama anajisemea peke yake, kwamba kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa akiangalia barabarani labda gari la Kioko litakuja. "Nilikuwa namngoja yeye," akasema, "na yeye alikuwa ananingoja mimi. Wazee wawili wajinga."

Tulipofika, mama alitupokea mlangoni na uso wake ulitosha. Baba alikuwa amepatwa na kiharusi saa nilipokuwa njiani. Alikuwa hai, macho yake yanaona, mkono mmoja unafanya kazi, lakini ulimi ulikuwa umekufa. Haji akavua viatu, akaingia, akaketi kwenye kitanda. Baba alipomwona alianza kutoa sauti. Sauti ile, Mwende, sijamsimulia mtu mpaka leo. Alikuwa analitafuta lile neno moja, analisukuma kwa nguvu zake zote, na halikuwa neno, ilikuwa pumzi tu. Machozi yakamtoka kwa kushindwa. Haji akamshika ule mkono mzima.

"Nimesikia, Kioko," akasema. "Nimesikia yote. Pumzika."

Lakini hakuwa amesikia, na wote tuliokuwa mle tulijua hivyo, na baba alijua. Haji alikaa naye, anamwambia habari za ng'ombe, bei za Garissa, kupe wa mwaka ule. Alikuja kila siku. Baba hakurudisha sauti mpaka tulipomzika.

Tulimzika hapa, upande ule wa chini wa shamba. Padri alisoma, kwaya ikaimba, na Haji alisimama nyuma kidogo na kofia yake. Zamu yake ilipofika alitupa udongo kwa mikono miwili. Munyao na wenzake ndio waliochimba kaburi na ndio waliolifukia, na hawakukubali mtu mwingine kushika koleo. Mpaka leo nashindwa kulielezea jambo hilo. Watu waliopoteza kazi kwa sababu ya sahihi yake walimzika kama baba yao. Labda walimsamehe. Labda walikuwa wanamwonyesha jinsi neno linavyotunzwa. Sikuwahi kuwauliza.

Baada ya watu kula, hasira ilinipanda. Nilisimama nyuma ya jikoni nikaanza kuwalaani wale watu wa Nairobi, mmoja mmoja, na kampuni yao na watoto wao. Wanawake wakaacha kuosha sufuria. Haji alinisikia akaja. Hakunikaripia kwa sauti. Aliniambia ninyamaze kwanza, kisha akasema maneno ambayo ndiyo urithi wangu.

"Nthenya, binti yangu, hao watu hawakutuibia. Mtu akinunua ng'ombe wangu, mimi simfuati nyumbani kwake kumwambia asimchinje. Nilimuuza. Lakini kulikuwa na kitu ndani ya hilo boma hakikuwa chetu cha kuuza, na sisi tuliuza boma na kukiacha ndani. Mimi nilijua nikaweka sahihi. Baba yako hakujua akaweka sahihi. Sasa unataka kumlaani nani?"

Akanipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake, kama mtoto, akaenda kumuaga mama. Haji naye amekwisha tangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Munyao yupo, analima maharagwe kule juu. Nikikutana naye ananisalimia vizuri sana na kuniuliza habari za nyumbani, na salamu ile huniuma kuliko kama angenipita.

Sasa, mwanangu, nikujibu. Sikukatazi kuuza. Mtu anayekukataza kila kipya hakupendi, anajipenda mwenyewe. Babu yako alikuwa na sababu: alikuwa mgonjwa, maji yalikuwa yanachafua mto, mitambo ilikuwa inahitajika. Na wapo waliouza wakafanya vizuri, watu wao wakanufaika. Wanunuzi wako wasikilize, na mawakili wawepo. Lakini kabla ya kuweka sahihi, tembea ndani ya kampuni yako, uwaangalie wale akina mama wanaokukatia matunda, ujiulize ni neno gani uliwahi kumwambia kila mmoja. Lile unaloweza kuliandika kwenye mkataba, liandike, hata wakicheka, hata ukionekana mshamba. Lile wasilokubali kuliandika, nenda kawaambie wenyewe wenye nalo, uso kwa uso, kabla hujauza na si baada. Usimwachie mgeni ahadi yako akutunzie. Mgeni mwema huhamishwa kazi kama mgeni mbaya. Na siku watakapokupigia makofi, angalia kama umejibiwa.

Lakini hayo yote ni madogo. Jana ulipokuwa ukiongea ulitaja wanunuzi, ukataja benki, ukataja bei, na Syombua hukumtaja hata mara moja. Syombua ambaye mlianza naye kukausha matunda juu ya mabati ya nyumba ya mama yake, kule Kangundo. Nilipomuulizia ulisema siku hizi haelewi biashara, kwamba anauliza maswali ya kizamani mbele ya watu. Ulisema ukicheka, na mimi ndipo nilipoanza kuogopa.

Kwa hiyo usiende Nairobi kesho. Watakungoja, ni wanunuzi, ni kazi yao kungoja. Panda gari la Kangundo asubuhi. Ukifika langoni kwake usikae nje ukishika mlango. Ingia. Kama ulishamwambia neno baya, lifute ukiwa bado na ulimi wa kulifuta, na kama hujamwambia, mshukuru Mungu umewahi. Muulize anaogopa nini, umsikilize mpaka amalize. Mkiuza, muuze wawili. Mkikataa, mkatae wawili.

Inamisha kichwa, mwana wa kaka yangu, nikutemee mate ya baraka kama nilivyotemewa mimi na mama ya baba yangu. Mungu wa babu yako, ambaye Haji alimwomba kwa jina lake na sisi kwa letu, akupe mali isiyokutenga na watu. Akupe wenzako wa kukuambia ukweli na sikio la kuuvumilia. Akupe kufika mapema kwa uwapendao, na utakapofika, neno lako liwe bado liko kinywani. Nenda salama.